Kitabu cha watu kumi na nyota moja ya "bibi"

Barua nyingi zilizofika safari hii zimetoka kwa waandishi wanaojichapishia, hasa wale wanaochanga hadithi na fedha kutoa mkusanyiko mmoja. Tumezifupisha maneno, hoja tumeziacha.

Tuko tisa katika kundi la WhatsApp, kila mmoja ana hadithi yake fupi. Mchapaji ametuuliza kitabu kina kurasa ngapi, tukabaki tunatazamana. Hesabu hii inafanywaje?
*Msomaji, Morogoro*

Kabla ya kurasa, chagueni mhariri mmoja mwenye kauli ya mwisho. Kama naye ana hadithi kitabuni, ya kwake ihaririwe na mwingine. Vitabu vya kundi hukwama hapa kuliko kwenye fedha: watu tisa wakishika kalamu kwa pamoja, faili moja huzaa tisa na hakuna ajuaye lipi ndilo la kupeleka kwa mchapaji. Hadithi zije kwa baruapepe, kila moja katika faili lake, si kwa kubandikwa kwenye kundi, maana zikinakiliwa kutoka huko aya hushikana na herufi za mlazo hupotea. Mhariri aandike pia karatasi moja ya kanuni: "kwa hiyo" ni maneno mawili, "isipokuwa" ni moja, mazungumzo yanafungwa kwa alama zipi, namba zinaandikwa kwa tarakimu kuanzia ngapi. Karatasi hiyo humwokolea wiki nzima ya kazi.

Sasa hesabu. Ukurasa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210, wenye hati (ukubwa wa herufi) ya pointi 11 hubeba takriban maneno 270 ya Kiswahili. Msiazime makadirio ya vitabu vya Kiingereza. Maneno yetu ni marefu zaidi: kwetu "hawajatuambia" ni neno moja. Hadithi tisa za wastani wa maneno 3,500 ni maneno 31,500, sawa na kurasa 117. Kila hadithi ikianza ukurasa mpya, ongezeni 5 za nafasi zinazobaki tupu. Kurasa za mwanzo (jina, hakimiliki, yaliyomo, neno la mhariri) ni 6, wasifu wa waandishi 3. Jumla 131.

Hiyo 131 ndiyo namba mbaya. Mashine ya ofseti huchapa karatasi kubwa ambayo kwa kawaida hukunjwa ikatoa kurasa 16, kwa hiyo kitabu huenda kwa ngazi: 128, 144, 160. Kwa 131 mtalipia 144 na kubaki na kurasa 13 nyeupe mwishoni. Bora kushuka. Wasifu wa kila mmoja uwe mistari mitatu, mkakaze nafasi kati ya mistari kidogo mno, na zile kurasa 3 zitaondoka bila kugusa hadithi. Hati msiishushe chini ya pointi 10.5, wasomaji wenu wa jioni hawatawasamehe. Kwa uchapaji wa dijitali, ambao ndio nafuu kwa nakala mia moja au mbili, ngazi hii hulegea, lakini mwulizeni mchapaji kabla ya kupanga kurasa, si baada.

Mchora jalada naye anahitaji unene wa mgongo wa kitabu. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1. Kurasa 128 ni karatasi 64, kwa hiyo mgongo ni milimita 6.4. Ukiwa chini ya 5, achaneni na kuandika jina pale, herufi zitatelezea upande wa mbele. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, moja inatosha kitabu kizima (hadithi haziombewi kila moja yake), na kwa Tanzania huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Mkitoa na toleo la kidijitali, hilo lichukulieni namba yake.

Tulichanga, tukachapa nakala 300, nyingi ziko madukani. Mwaka umepita, wenzangu wananidai mgao na fedha hazionekani. Juu ya hayo, mmoja wetu amepeleka hadithi ileile kwa jarida jingine. Je, hajavunja mkataba? Hatukuandikiana, tulikubaliana kwa mdomo.
*Mratibu wa mkusanyiko, Mombasa*

Tuanze na mwenzenu wa jarida: hajavunja kitu. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kuhamisha hakimiliki au kutoa ruhusa ya kipekee ni lazima kuwe kwa maandishi. Nyinyi hamkuandikiana, basi alichowapa ni ruhusa ya kawaida tu, na hadithi ni yake kuipeleka atakako. Mkataba wa ukurasa mmoja ungetosha, na kifungu chenyewe ni hiki: mwandishi anabaki na hakimiliki, anakipa kitabu ruhusa ya kipekee ya miezi 12 tangu siku ya kuchapwa, baada ya hapo yuko huru, *nacho kitabu kinaendelea kuuzwa hadithi yake ikiwa ndani*. Nusu hii ya mwisho husahauliwa sana. Bila hiyo, aliyenuna anaweza kudai hadithi yake ing'olewe, na kitabu kilichokwisha kuchapwa haking'olewi kitu. Tajeni pia redio, tafsiri, filamu na matumizi ya shuleni, mseme kwamba hayo yanabaki kwa mwandishi au yanagawanywa vipi. Kitabu kikija kuchaguliwa kwa shule ndipo fedha za kweli huonekana, na undugu wa WhatsApp hauhimili kishindo hicho.

Kuhusu mgao, wenzako wakalishe chini na kalamu. Chukueni mfano wa nakala 300 zilizochapwa kwa shilingi 300 kila moja: 90,000, waandishi kumi wakitoa 9,000 kila mtu. Bei ya jalada ni 700. Duka likikata asilimia 35, linabaki na 245, nyinyi mnapata 455. Ili fedha ya uchapaji irudi, muuze nakala 129 kwa mkono au 198 kupitia maduka. Sasa toeni 20 za waandishi (mbili kwa kila mmoja), 15 za wahakiki, na tano za maktaba na zilizoharibika. Zimebaki 260. Zikiisha *zote* madukani mnapata 118,300; mkitoa 90,000, faida ni 28,300. Kwa watu kumi ni 2,830 kila mmoja, na mhariri akipewa fungu lake, mafungu yakawa 11, haifiki hata 2,600. Hakuna aliyekula. Kilichopo ndicho hicho, nacho bado kiko rafuni kwa mali kauli, duka halijalipa kwa sababu halijauza.

Mali kauli haina ubaya ila inataka daftari: tarehe, idadi iliyoachwa, sahihi ya mwenye duka, na kurudi kuhesabu kila baada ya miezi mitatu. Nakala ambazo hazikusogea kwa miezi sita ziondoe, uzipeleke kwingine. Malipo yaingie namba moja ya M-Pesa isiyotumika kwa jambo lingine lolote, na taarifa yake ya mwezi ibandikwe kwenye kundi kama ilivyo.

Kwa kitabu kijacho tunakushauri njia tofauti kabisa, tena tunaiona bora kwa watu wasiokaa mji mmoja: kila mwandishi alipie nakala zake, tuseme 25 kwa bei ya uchapaji, aziuze mwenyewe, faida iwe yake. Zinazobaki tu ndizo zinazokwenda madukani kwa hesabu ya pamoja. Aliye mchapakazi anavuna, asiyeuza hana wa kumdai.

Mkusanyiko wetu una waandishi wa Kenya na Tanzania. Mmoja ameandika: "Alirudi usiku wa manane, akamkuta bibi yake amelala, akajilaza kando yake." Msomaji wa Tanzania ametuandika hadharani: "Mjukuu na bibi kitanda kimoja! Hiki ni kitabu au laana? Nyota moja." Sote kumi tunataka kumjibu. Tumjibuje?
*Mwandishi, Nakuru*

Msimjibu kumi. Watu kumi wakimshukia msomaji mmoja, anayepita hatasoma hoja zenu, ataona kundi linalomchangia mnyonge.

Tena huyu hakuwasingizia. Kwake bibi ni mama wa mama au wa baba, basi. Kwenu bibi ni mke na yule mzee ni nyanya, neno ambalo Mtanzania hulikata kwenye kachumbari. Maana ya mke haikuzuka juzi, lakini aliyelelewa Tabora hatafungua kamusi saa nne za usiku ili akutetee. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na tangu hapo kila upande humwona mwenzake ndiye aliyepinda.

Dawa iko kwenye uhariri. Kabla ya kuchapa, hadithi za Kenya zisomwe na msomaji wa Tanzania, na za Tanzania zisomwe na wa Kenya. Kazi yake ni moja: kupiga mstari chini ya kila neno lililomsimamisha. Kisha mhariri aamue hivi. Katika usimulizi weka neno lisilo na utata: "akamkuta mkewe amelala." Katika mazungumzo mwache mhusika na "bibi" yake, maana mtu wa Nakuru akisema "mke wangu" kila mara atasikika kama anasoma taarifa ya habari. Ngeli nayo husaidia: "nyanya ameugua" hakuna atakayedhani ni mboga. Msiongeze orodha ya maneno mwishoni mwa kitabu. Anayekwazwa hukwazwa ukurasa wa 40, na orodha iko wa 126.

Jibu lenyewe litoke kwa mtu mmoja, ikiwezekana mhariri wala si mwandishi wa hadithi hiyo, baada ya kulala juu yake siku mbili. Sentensi mbili zinatosha: "Asante kwa kutusoma. Kwa mwandishi wetu wa Nakuru 'bibi' ni mke. Toleo lijalo tutaliweka wazi." Hapo basi, hata akijibu tena. Hilo ni kwa Facebook, ambako wanunuzi wenu wengine wanasoma. Goodreads, mtandao wa maoni ya wasomaji wa vitabu, yenyewe huwashauri waandishi wasijibu kabisa maoni mabaya, na huko tunakubaliana nayo.

Wako wasomaji wa aina nyingine mtakaokutana nao. Anayelalamika kwamba "hadithi zinaisha haraka" alidhani kanunua riwaya. Tazameni kama jalada limeandikwa *Hadithi Fupi* kwa herufi zinazosomeka, au mmeificha nyuma. Anayesema mwandishi anatetea wizi kwa kuwa mwizi anasimulia kwa "mimi", mwacheni alivyo. Anayetoa nyota moja kwa sababu kifurushi kilichelewa, akiwa Amazon mripotini, kwani kanuni za pale hazitaki maoni ya usafirishaji kwenye ukurasa wa bidhaa. Kwingine nyamazeni, mkashughulike na kifurushi.

Tunaweza kuwaomba ndugu na marafiki waandike nyota tano ili ile moja imezwe?
*Msomaji, Arusha*

Hapana. Amazon hairuhusu maoni ya jamaa na marafiki wa karibu wa mwandishi, wala kubadilishana, wewe unisifu nami nikusifu, na ikigundua huyafuta. Nanyi mko wengi. Mkisifiana ndani ya kitabu kimoja mtajulikana mara moja. Toeni nakala 15 kwa wasomaji msiowajua sana, walimu na wenye vikundi vya usomaji, na barua fupi isemayo hawadaiwi kusifu. Watano wakiandika, mshukuru.

Mhakiki ameandika kwamba hadithi ya nne "inaruka, haina kichwa wala miguu". Mwandishi wake analia kwamba hakueleweka. Sisi tuliisoma, iko sawa.
*Kikundi cha waandishi, Kampala*

Mwombeni namba ya ukurasa kabla ya kumwita mjinga. Akiwaambia "baada ya 48 inakuja 65", hakukosea: kurasa 49 hadi 64 hazimo katika nakala yake. Ni mkunjo mzima wa kurasa 16 ulioachwa wakati wa kupanga mikunjo kabla ya gundi. Mara nyingine mkunjo hurudiwa, 33 hadi 48 zikatokea mara mbili. Kama mwanzo wa kitabu una kurasa 8 za namba za Kirumi, mipaka husogea, mtaikuta kwenye 8, 24, 40 na 56. Kasoro ikikaa mpakani ni ya mchapaji. Ikiwa katikati, tafuteni aya iliyodondoka katika kupanga kurasa.

Mpelekeeni nakala nzima siku hiyohiyo, mchukue ile mbovu kama ushahidi. Kisha fungueni nakala zote zilizobaki, moja moja, mkiangalia kila mpaka. Nakala moja yenye kasoro mara nyingi ina wenzake, kwa kuwa aliyepanga alikuwa akichota kutoka rundo lilelile. Katika oda ijayo andikeni kwamba mbovu zinabadilishwa bila malipo, na mzikague mbele ya mchapaji kabla ya kumaliza kulipa.

Gazeti limeandika kuhusu kitabu chetu: "Hadithi moja inang'ara, nyingine zinasinzia." Tunataka kunukuu nyuma ya jalada "Inang'ara".
*Msomaji, Dodoma*

Msifanye hivyo. Kufupisha kunaruhusiwa mradi maana isigeuke, na penye pengo kuwe na nukta tatu. Hapa nukuu ya haki ni ya hadithi ile moja tu, na itajwe kwa jina. Kama waandishi waliobaki hawataki jina la mmoja litangulie, acheni nafasi ile muweke aya tatu za mwanzo wa hadithi yoyote mliyokubaliana. Msomaji wa gazeti lile yupo, anayo picha ya ukurasa kwenye simu, na ataibandika chini ya tangazo lenu.