Kabla ya Kuufuta Ufunguo wa Seva, Piga Simu Uulize

Kijana mmoja wa Nachingwea ameniandikia hivi: "Shikamoo kaka. Kila nikitaka kuingia kwenye seva yetu, kompyuta inaniambia utambulisho wa seva umebadilika, kisha inakataa kuendelea. Naomba amri ya kuliondoa onyo hilo." Marahaba, mdogo wangu. Swali lako ni zuri, ila ningefurahi zaidi kama ungeniuliza kwanza ni kwa nini utambulisho huo umebadilika.

Seva ya SSH, yaani njia salama ya kuingia kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao, inapowekwa kwa mara ya kwanza hutengeneza jozi ya funguo na kuzihifadhi ndani ya folda ya /etc/ssh. Ufunguo wa siri haupaswi kutoka humo, na ule wa wazi hupewa kila anayeunganisha. Siku ya kwanza kompyuta yako hukuonyesha alama ya ufunguo huo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaotanguliwa na SHA256, na ukikubali huuandika ufunguo kwenye faili la known_hosts. Kuanzia hapo, kila unapounganisha, seva hulazimika kuthibitisha kwamba inao ufunguo wa siri unaolingana na ule ulioandikwa. Ikishindwa, ama ufunguo umebadilishwa, ama unazungumza na mashine nyingine kabisa.

Hilo la pili lilinikuta hapa Mtwara, katikati ya msimu wa korosho, nilipokuwa nikisimamia seva iliyotunza takwimu za mizani za vyama vya msingi. Asubuhi moja onyo lilitokea, nami nikakataa kuendelea. Mkuu wangu aliniamuru niufute mstari wa seva ile kwenye known_hosts niingie, kwa kuwa makarani wa maghala walikuwa wanasubiri na mnada ulikuwa umekaribia. Nilichukua mkataba, nikapiga namba ya kampuni iliyotukodisha seva, nikaomba wanisomee alama ya ufunguo herufi kwa herufi. Haikulingana na ile niliyokuwa nikiiona. Baada ya kusubiri kwa muda mrefu nilielezwa kwamba usiku ule walikuwa wameihamishia seva yetu kwenye anwani mpya bila kututaarifu, na anwani ya zamani wakampa mteja mwingine. Kama ningefuata amri ile, neno la siri la seva yenye hesabu za wakulima lingeandikwa kwenye mashine ya mtu nisiyemjua.

Siku hiyo makarani waliandika uzito wa magunia kwa mkono, na mbele yao niliambiwa kwamba mimi ndiye niliyechelewesha kazi. Neno lile bado linaniuma, maana ukweli ulipojulikana hakuna aliyerudi kulifuta. Hata hivyo najivunia msimamo wangu, na wewe ukiitaka kazi hii uwe tayari kulaumiwa kwa sababu ya kuuliza.

Kwa hiyo, siku unapoiandaa seva, ingia kupitia konsoli ya mwenye mtambo, yaani skrini ya seva yenyewe isiyopitia SSH, utumie amri ya ssh-keygen -lf pamoja na jina la faili la ufunguo wa wazi ili uione alama yake, kisha nakili alama yote kwenye daftari la ofisi, si kwenye simu ya mtu anayeweza kuhama kazi. Onyo likitokea, uliza kwa njia nyingine isiyopita kwenye seva hiyo. Mabadiliko halali yapo: mwezi Machi 2023 GitHub, tovuti ya kuhifadhi programu, walibadilisha ufunguo wao wa aina ya RSA baada ya ule wa siri kuonekana hadharani kwa muda mfupi, wakatangaza alama mpya ili watu walinganishe. Ukishathibitisha, ndipo utumie ssh-keygen -R na jina la seva kuufuta ufunguo wa zamani, uunganishe upya na kulinganisha alama hadi herufi ya mwisho.

Ukizalisha seva nyingi kutoka nakala moja, futa funguo zilizokuja na nakala hiyo na utengeneze mpya kwa ssh-keygen -A, la sivyo zote zitakuwa na utambulisho mmoja, na atakayeiba ufunguo wa moja ataweza kujifanya yoyote kati yake. Na wale wanaowafundisha vijana kuweka StrictHostKeyChecking no kwenye mipangilio ya SSH ili wasisumbuliwe na onyo wanawadhuru. Mipangilio hiyo huipokea seva ngeni bila swali, na hata ufunguo uliobadilika huishia kwenye onyo linalopita huku muunganisho ukiendelea. Kama unayo kwenye kompyuta ya kazini, iondoe leo.