Shangazi, mume wangu ananiuliza Kifaransa kitanipeleka wapi

Msomaji mmoja, mhasibu mwenye umri wa miaka 31, ameniandikia hivi: "Shikamoo Shangazi. Kazini tunatumia Kiingereza, nami nakimudu vizuri. Huu ni mwezi wa nane nasoma Kifaransa jioni mbili kwa wiki, saa mbili kila mara. Juzi mwenzangu ninayemzidi uzoefu alipewa kusimamia hesabu za matawi ya nje kwa sababu anaandika lugha zote mbili. Mume wangu anasema napoteza fedha, na kila nikitoka huniuliza, 'Hicho Kifaransa kitakupeleka wapi?' Karo ya muhula huu nimeilipa bila kumwambia. Niendelee au niache?"

Marahaba, mwanangu. Niruhusu nianze na fedha, kwa kuwa hapo ndipo mume wako aliposhika, kisha turudi nyumbani.

Lugha ya pili peke yake hailipi sana, na anayekuuzia masomo kwa ahadi kwamba mshahara utapanda siku utakapopata cheti anakudanganya. Tazama Kanada, ambako sheria ya mwaka 1969 ilivifanya Kiingereza na Kifaransa kuwa lugha rasmi za serikali ya shirikisho: mtumishi aliye katika nafasi inayodai lugha zote mbili hupewa posho ya dola 800 za Kanada kwa mwaka, kiwango kilichowekwa mwaka 1977. Ukikigawa kwa miezi 12, hakifiki hata dola 67. Watu huko hawasumbukii posho hiyo, wanasumbukia nafasi za usimamizi, ambazo nyingi hazishikiki kwa mwenye lugha moja.

Katika Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa na katika Benki ya Maendeleo ya Afrika, lugha za kazi ni hizo hizo mbili. Mara nyingi tangazo la kazi husema moja ni lazima na ya pili ni sifa ya ziada, na sifa hiyo ndiyo inayopunguza foleni. Lakini wewe ni mhasibu, na kwako kuna jambo la karibu zaidi. Nchi 17 za Afrika, nyingi kati yake zikitumia Kifaransa, zimo katika jumuiya ya sheria za biashara iitwayo OHADA, yenye mfumo wake mmoja wa uhasibu. Kampuni ambayo makao yake makuu yanaandika kwa Kiingereza na yenye matawi katika nchi hizo haiwezi kumtegemea mkalimani, kwa sababu mkalimani hajui hesabu. Hukuniambia matawi yenu yako wapi, ila nadhani mwenzako alichaguliwa kwa hilo, wala hakukuzidi akili.

Uhitaji huo unaonekana katika neno mojamoja. "Exercice" katika taarifa ya fedha ni mwaka wa hesabu, si zoezi. Mteja akikuandikia kwamba atalipa "éventuellement" mwezi Machi, jicho lililozoea Kiingereza litasoma kwamba hatimaye fedha zitakuja, nawe utaziingiza katika makadirio ya mapato, kumbe mwenyewe amesema huenda akalipa, huenda asilipe. Anayeijua tofauti hiyo kabla vitabu havijafungwa ndiye anayelipwa.

Sasa nikwambie kisichopendeza. Ili ufike ngazi ya B2, ambapo mtu anaanza kuandika barua za kazi na kusimama kikaoni bila aibu, kwa kawaida huhitajika saa 500 hadi 600 za masomo. Kwa saa nne za wiki umekwisha kupata zipatazo 140, na kwa mwendo huo umebakiwa na karibu miaka miwili. Ukiishia njiani utakuwa na salamu nzuri na hakuna mwajiri atakayezilipia, kwa hiyo katika hilo mume wako hakukosea kabisa. Ongeza nusu saa kila siku, usome taarifa za fedha za kampuni zinazoandika kwa Kifaransa badala ya hadithi za vitabu vya shule, na safari itakuwa ya mwaka mmoja na kidogo. Mtihani usiukimbilie: cheti cha Kifaransa kiitwacho DELF hakina mwisho wa matumizi, lakini matokeo ya mitihani mingine ya Kifaransa, TEF na TCF, kwa ajili ya kuhamia Kanada hudumu miaka miwili tu, na wengi huyapata mapema yakawaishia mkononi.

Nimelisoma swali la mume wako mara tatu, mwanangu, nami sikusikia dharau ndani yake. Amemwona mwenzako akikabidhiwa matawi ya nje, naye anauliza kitakupeleka wapi. Pengine anataka kujua kama utakwenda bila yeye. Hesabu zangu zote hapo juu hazimjibu. Mwambie kwanza kuhusu karo uliyoificha, kabla hajaikuta mwenyewe, kisha mfungulie matangazo mawili matatu ya kazi unazozitaka na mwangalie pamoja ni zipi zinadai kuhama na zipi zinafanyika kutoka dawati ulilonalo sasa. Ukikuta zote zinadai kuhama, niandikie tena kabla hujalipa muhula ujao.