Kabla hujabonyeza GPT, uliza diski inakwenda kukaa wapi

Wadogo zangu wa benchi, nawapenda, lakini mnanichosha. Mteja analeta diski mpya, mnaichomeka, kidirisha kinatokea kuuliza MBR au GPT (aina mbili za jedwali la patisheni, yaani orodha ya jinsi diski ilivyogawanywa), na kabla sijameza mate mmeshabonyeza. Ukiwauliza kwa nini, mmoja anajibu "GPT ndiyo ya kisasa", mwingine "MBR haina noma, inakubali kila sehemu". Kesho yake mashine imerudi, mteja kanuna, na anayesimamishwa kaunta ni mimi.

Jedwali la patisheni lipo ili lisomwe, na wasomaji wake hawafanani: BIOS ya zamani (programu ya ndani inayowasha mashine), UEFI iliyoirithi, DVR ya kamera, runinga, redio ya gari. Kwa hiyo swali la kwanza mnamuuliza mteja, nalo ni fupi: hii inakwenda kukaa kwenye nini? Mengine nimeyapanga hapa chini. Simu wekeni mezani kwanza.

1. Mashine kwanza, diski baadaye

Windows ikiwaka kwa UEFI inataka GPT. Ikiwaka kwa BIOS ya zamani inataka MBR. Hapo hakuna cha kubishana. Zile OptiPlex 780 mnazozifuta vumbi kila siku hazina UEFI kabisa, basi MBR na mambo yameisha. Anayetaka Windows 11 ni GPT tu, kwa sababu Windows 11 yenyewe inadai UEFI.

Balaa liko kwa mashine za katikati, zile zinazokubali njia zote mbili, na mtu wa mwisho kuzishika kaziacha anavyojua mwenyewe. Ukibonyeza F12 kwenye Dell, au F9 kwenye HP, flashi yako moja inaweza kujiorodhesha mara mbili: mstari mmoja una neno UEFI, mwingine hauna. Ukichagua wenye UEFI wakati diski ya ndani ni MBR, Windows itafika hatua ya kuchagua patisheni, ikukatalie: diski ina jedwali la MBR, na kwenye mfumo wa EFI inawekwa kwenye GPT tu.

Sasa, kuna mtu humu ndani (hajambo, anaendelea vizuri) alipouona ujumbe huo alikimbilia Shift na F10, akaandika diskpart (programu ya amri za diski), akaandika clean (amri ya kufuta jedwali zima). Diski ikakubali, naam. Na hesabu za duka la mteja zilizokuwa kwenye D zikaenda na maji. Bahati yake mhasibu wa lile duka alikuwa na nakala. Kilichotakiwa ni kuzima, kurudi F12 na kuchagua ule mstari mwingine. Dakika mbili, na chai bado ya moto.

2. Mpaka wa terabaiti 2

MBR ilikuja na DOS 2.0 mwaka 1983, wakati diski ya megabaiti 10 ilikuwa jambo la kuita majirani. Inahesabu sekta, vile vipande vidogo vya diski, kwa biti 32, na sekta ikiwa ya baiti 512, hesabu inagota terabaiti 2. Diski ya terabaiti 4 ukiiwekea MBR, Windows itakupa GB 2048 za kutumia na nyingine 1678 zitakaa na mstari mweusi ambao huwezi kuufanyia chochote, na mteja ataamini umemuuzia feki. Diski ya terabaiti 3 ikijitokeza kama GB 746, usiiguse patisheni: badilisha adapta ya USB, hiyo ni ya kizamani na hesabu imeizidi.

3. Patisheni nne

Jedwali zima la MBR ni baiti 64, kila patisheni inachukua 16, gawanya mwenyewe. GPT kwenye Windows inabeba 128, na inaweka nakala ya pili ya jedwali mwisho kabisa wa diski, mfano wa ufunguo wa akiba ulioachwa kwa shangazi. Mkikuta diski ya zamani ina patisheni tatu za kawaida na ya nne imetanuliwa ili ibebe nyingine ndani yake, msicheke. Aliyeipanga alikuwa fundi.

4. Kidirisha kikitokea haina maana diski ni mpya

Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa bado kijana wa kutumwa chai, ila nimeshaanza kujiona. Akaja mpiga video za harusi, mtu mzima, mstaarabu, na diski yake ya nje ya terabaiti 4. Tundu la waya lilikuwa limelegea, ukiitingisha inakata. Fundi mkuu alikuwa katoka. Nikamwambia, "Mzee, hilo dogo sana." Nikafungua kasha, nikakuta ndani diski ya kawaida ya SATA, nikaitenganisha na kile kibao kidogo cha saketi ya USB, nikaiunga moja kwa moja kwenye mashine ya kazini. Ikazunguka vizuri, haigongi. Windows ikaleta kidirisha: diski haijaandaliwa, chagua MBR au GPT.

Na jibu nalijua! Terabaiti 4, imezidi 2, GPT. Kwenye mtihani ningepewa alama zote. Nikabonyeza huku natabasamu.

Ukaja mstari mweusi mrefu, GB 3726, nafasi tupu. Tabasamu likaisha. Mwenye diski kakaa nyuma yangu anachezea simu, akauliza, "Vipi kijana, inasoma?" Nikamjibu, "Inasoma, mzee." Na kweli ilikuwa inasoma, ila haikuwa na kitu.

Ningeinua mikono pale pale, kazi ingeokoleka. Lakini programu niliyokuwa nayo ya kurudisha mafaili ilitaka diski yenye herufi, na hii haikuwa nayo. Basi nikaipa. Kitufe cha kulia, volyumu mpya, fomati ya haraka, herufi E. Nikajifariji kwamba fomati ya haraka haifuti. Ni kweli, video zilibaki zilipokuwa. Ila NTFS mpya, huo mpangilio wa mafaili wa Windows, inaandika orodha yake mpya ya mafaili, na ile orodha ikaangukia juu ya sehemu ya orodha ya zamani. Majina, mafolda, tarehe, nani kaolewa lini, vyote vilikuwa pale.

Fundi mkuu aliporudi hakupiga kelele. Alitazama skrini, akauliza kitu kimoja tu: "Kasha liko wapi?"

Kasha nilikuwa nimelitupa kwenye boksi la takataka, pamoja na kibao chake. Kumbe ndicho kilichokuwa na uhai wote. Baadhi ya diski za nje, kile kibao cha USB kinafunga kila sekta kwa AES, yaani maandishi ya siri, inapoingia na kuifungua inapotoka, hata kama mwenyewe hajawahi kuweka neno la siri maishani mwake. Ukiitoa diski ukaiunga kwenye SATA, Windows inaona uchafu mtupu kuanzia sekta ya kwanza, haioni jedwali, inadhani diski imetoka dukani leo. Tundu lililolegea lilikuwa la kuchomelewa upya tu. Dogo sana, kama nilivyosema.

Fundi mkuu akalichomelea, akairudisha diski kwenye kibao chake kile kile, akaipitisha PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili. PhotoRec haihitaji jedwali wala orodha, inatafuta mafaili kwa alama zake za mwanzo. Yakarudi mengi sana, na yote yanaitwa f na mlolongo wa namba. Harusi za miaka kadhaa, vipande vya video vya MTS, zimechanganywa kama kete za bao.

Mzee akawa anakuja jioni baada ya kazi zake, anakaa karibu na mimi, tunafungua kipande kimoja kimoja. "Hii ya Mbagala, yule bwana harusi aliyechelewa. Hii Tabata. Hii... subiri, huyu MC namjua, rudisha nyuma kidogo." Alikuwa anawatambua watu kwa sare za kamati. Mimi nahamisha kwenye folda, naandika jina. Harusi moja ilikuwa bado haijahaririwa, na hiyo ndiyo haikukamilika. Send-off ipo nzima, kuingia ukumbini kupo, kukata keki hakuna. Alikwenda kuwaeleza maharusi mwenyewe. Hakunidai hata senti, na kazi yake hajaileta tena hapa mpaka leo.

Kwa hiyo: diski iliyowahi kutumika ikiwaletea kidirisha hicho, bonyezeni ghairi, halafu mwiteni mkubwa. Kuna na ndugu yake wa pili, anakuja na sura nyingine. Makasha mengine yanajitangaza kuwa na sekta za baiti 4096 ili MBR iweze kufika terabaiti 16, jambo lililosaidia enzi za XP ya biti 32 isiyojua GPT. Ukichomoa diski hiyo, sekta zinarudi kuwa 512, na ile ya terabaiti 4 inaonyesha patisheni moja ya GB 465 hivi, imeandikwa RAW (haisomeki), na Windows inakusihi uifomati. Isikushawishi. Irudishe kwenye kasha lake, unyonye data, ndipo uamue.

5. Clean haiulizi mara mbili

Ndani ya diskpart, ukishaandika list disk, soma ukubwa wa diski, usisome namba peke yake. Penye nyota chini ya safu ya Gpt, hiyo tayari ni GPT. Mashine ikiwa na diski mbili, chomoa ile usiyoihitaji. Waya wa SATA haujawahi kumjeruhi mtu.

6. Kubadili bila kufuta

Kuanzia Windows 10 toleo la 1703 mnayo amri ya mbr2gpt ya kubadili MBR iwe GPT, itumieni. Anza na /validate kabla ya /convert, na kama uko ndani ya Windows yenyewe ongeza /allowFullOS. Haitakubali diski yenye patisheni ya kutanuliwa, wala yenye zaidi ya tatu za kawaida. Ikimaliza, ingia BIOS ubadilishe iwake kwa UEFI, kwa sababu ukisahau mashine haitawaka na mtaniita mkisema amri imeharibu diski. Na anayehamisha Windows kwa kunakili diski nzima kwenda SSD mpya ajue kwamba MBR ya zamani inaweza kuhama pamoja na mizigo.

7. Vifaa visivyo kompyuta

DVR ya kamera mwachie aiandae diski mwenyewe kwenye menyu yake, ana utaratibu wake. Runinga za zamani, redio za gari na sabufa: MBR na FAT32, msitafute sifa.

Ambalo linanileta kwenye ile flashi ya buluu iliyo kaunta. Aliyeiazima kwa mteja bila kumwambia, akaitengenezea Windows kwa Rufus (programu ya kuandaa flashi za kuwekea Windows) kwa mpangilio wa GPT, halafu akafuta mafaili akadhani ameirudisha kama ilivyokuwa, namjua. Kompyuta inaifungua vizuri, sabufa ya yule mama haiitambui hata kidogo, na anaamini tumemuunguzia flashi. Atapita saa kumi na moja. Ipige clean, convert mbr, tengeneza patisheni moja, fomati FAT32, na umtafutie taarabu zake zote ulizofuta.