Majina mengi, hesabu moja: kwa anayeanza kushika vitabu vya biashara ndogo

Anayeanza kushika vitabu huchoshwa na majina kabla ya hesabu zenyewe. Programu moja imeandika "mauzo", nyingine "mapato", na mhasibu akija anauliza "mapato ghafi". Kwa biashara inayouza bidhaa tu, kwa kawaida hayo yote ni kitu kimoja: thamani ya ulichouza kabla ya kutoa gharama yoyote. Mizania, yaani orodha ya mali, madeni na mtaji wa biashara kwa siku fulani, na taarifa ya hali ya kifedha nazo ni ukurasa uleule. Jina la pili liliingizwa na viwango vya kimataifa vya uhasibu katika marekebisho ya 2007, na la kwanza bado linatumika kila mahali. Ankara na bili hali kadhalika: karatasi ni moja, muuzaji anaiita ankara, anayetakiwa kulipa anaiita bili.

Hayo yasikunyime usingizi. Chagua jina moja, ulitumie hilo hilo katika daftari zote.

Penye hatari ni pale maneno yanapokaribiana huku maana zikiachana, na hapo nakusihi uende polepole. Chukua mauzo, faida na fedha taslimu. Umenunua bidhaa kwa 700 taslimu, ukaziuza kwa mkopo kwa 1,000, ukalipa pango 200. Mauzo ni 1,000, faida ghafi (mauzo ukitoa bei ya kununulia bidhaa) ni 300, faida halisi (ukitoa na pango) ni 100. Lakini fedha zimepungua kwa 900, kwa kuwa mnunuzi hajalipa hata senti. Biashara yenye faida inaweza kabisa kukosa pesa ya mshahara, na mwenye mali asipoelewa hilo atadhani umemwibia.

Wadai na wadaiwa ndio huchanganywa kuliko yote. Wadaiwa ni wateja unaowadai wewe, kwa hiyo wanakaa upande wa mali. Wadai ni wanaokudai, nao ni dhima, yaani madeni ambayo biashara inapaswa kulipa. Ukiwageuza, mizania yote inasema uongo.

Halafu kuna krediti. Benki ikikuandikia kwamba akaunti yako imekreditiwa, pesa imeingia. Lakini katika leja yako, yaani kitabu chako cha akaunti, pesa ikiingia benki unadebiti akaunti ya benki: unaiandika upande wa kushoto, kinyume cha krediti. Hakuna aliyekosea. Pesa yako ikiwa benki, kwao ni deni wanalodaiwa nawe, nao wanaandika kwa upande wao. Kila unapolinganisha leja na taarifa ya benki, jiulize kwanza hiki ni kitabu cha nani.

La mwisho, kwa sababu kodi inalitazama sana: si kila pesa inayoingia ni mapato. Mwenye biashara akiongeza fedha zake mwenyewe, huo ni mtaji. Mkopo ukiingia, ni dhima. Na unapoulipa, sehemu inayorudisha deni inapunguza dhima tu. Riba pekee ndiyo inayoandikwa kama gharama.