Mashine ya mvuke chumbani mwa mtoto

SWALI: Mwanangu wa miezi 14 huziba pua usiku, nasi hulala na kiyoyozi. Dukani nimeonyeshwa mashine ya mvuke wa moto na ya ukungu baridi. Ninunue ipi? – Mama, Mombasa.

JIBU: Chagua ya ukungu baridi. Ile nyingine huchemsha maji, na mtoto anayeanza kutembea akiuvuta waya wake aweza kumwagikiwa na kubabuka; sufuria ya kujifukizia iliyowekwa sakafuni ina hatari ile ile. Lakini kabla hujatoa pesa, bibie, fikiria hewa yetu ya pwani, ambayo aghalabu ina unyevu unaozidi asilimia 50, kiasi kwamba mashine hii, madirisha yakiwa wazi, italowesha kuta na kuotesha kuvu inayozidisha kikohozi na pumu. Huenda ikafaa pale tu kiyoyozi kinapoikausha hewa, na kipima unyevu kitakuonyesha.

Ukiinunua, usafi ndio kazi kubwa. Maji yaliyobaki yamwagwe kila siku, tangi lisuguliwe na kukaushwa, kwani utelezi unaouhisi kwa kidole ndani yake ni vijidudu ambavyo mashine itavirusha hewani mtoto avivute. Maji ya kisima yenye chumvi yasitumike, tia yaliyokenekwa, yaani yaliyopatikana kwa kupoza mvuke wa maji yaliyochemshwa. Kafuri na mentholi, kwa umri wake, hapana kabisa.

Akipumua kwa kasi, kifua kikibonyea ndani, au akishindwa kunyonya, mpeleke hospitali usiku huo huo.