Kitanda cha Pembeni: Mtoto Anahama Lini?

Barua za safari hii zinahusu kile kitanda kidogo cha mtoto kinachoegeshwa ubavuni mwa kitanda cha mama, ukuta wa upande mmoja ukishushwa ili mama anyonyeshe bila kuinuka. Kwa ufupi tutakiita kitanda cha pembeni.

SWALI: Hamjambo wahariri. Mwanangu wa kiume ana miezi minne na nusu, na kliniki juzi alikuwa na kilo 7.4. Kitanda chake cha pembeni kina kibandiko kinachosema mwisho kilo 9. Usiku wa kuamkia Jumapili nilimkuta kifudifudi, kichwa kimegusa wavu wa ubavuni. Mama mkwe anasema nimwache mpaka aanze kukaa. Mume wangu anasema kilo hazijafika. Nimsikilize nani? (Mama kijana, Tabata)

JIBU: Dada, mama mkwe na mumeo wote wametaja vipimo vya kweli, ila kuna kipimo cha tatu ambacho kwa mwanao kimeshatangulia: ameanza kujigeuza.

Tuanze na kilo, maana ndizo zinazowapoteza wazazi wengi. Kwenye jedwali la Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa wastani anafikia kilo 9 akiwa na miezi 9 hivi, na wa kike akiwa na mwaka mmoja hivi. Takwimu za shirika hilohilo zinaonyesha kwamba mtoto wa wastani anakaa bila kushikwa akiwa na miezi 6, na wapo wanaokaa hata kabla ya kutimiza miezi 4. Ukisubiri mizani, basi, mtoto atakuwa ameshajiinua, amekaa, pengine amesimama, na bado kilo "zipo". Kilo 9 zinakueleza uwezo wa miguu na chaga za kitanda. Hazikuelezi kama ukuta wake unamtosha mtoto.

Na ukuta ndio wenye shida. Kiwango cha Ulaya cha vitanda hivi, EN 1130, kinataka upande ulioshushwa ubaki angalau sentimita 12 juu ya godoro. Chukua rula upime cha kwako, kwa sababu vingi vinavyouzwa huku havina alama yoyote ya kiwango. Sentimita 12 zinamtosha mtoto aliyelala chali. Akinyoosha mikono na kuinua kifua, kifua kinakuwa juu ya ukingo. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito ukilinganisha na mwili, kwa hiyo akiinama tu, kichwa kinamvuta mbele. Anaangukia kitandani kwenu penye mito na shuka nzito, au upande wa pili, sakafuni.

Jambo jingine halionekani usiku. Mtoto anayejigeuza anasukuma kwa nyayo. Kwenye sakafu ya marumaru, kitanda kisichofungwa kwa mikanda kinateleza kidogo kidogo, na asubuhi unakuta pengo kati yake na godoro lenu. Mtoto akiingia humo kwa kiwiliwili, kichwa kinabaki juu na uso unabanwa kwenye godoro. Hapigi kelele, kwa sababu hapati hewa ya kupigia kelele.

Mpime mchana, akiwa ameamka na ameshiba lakini si papo hapo baada ya kunyonya. Tandika mkeka, mlaze kifudifudi, weka kitu cha rangi mbele yake, kisha mtazame kwa dakika tano. Akijiegemeza kwa viwiko tu, una siku chache za kujipanga. Akinyoosha mikono ikawa wima na kifua kikaondoka mkekani, agiza kitanda kingine leo. Akivuta magoti chini ya tumbo na kujipandisha kwa mikono na magoti, asilale tena kwenye kitanda cha pembeni, hata usingizi wa mchana. Hali ni hiyohiyo akianza kukaa, au akishika ukingo na kujivuta.

Kwa kuwa mwanao ameshajigeuza, fanya mambo mawili usiku wa leo. Pandisha ule ukuta, ufunge hadi klipu zilie pande zote mbili, na usiushushe tena akiwa amelala. Acha pia kumviringisha kanga wakati wa kulala: mtoto aliyefungwa mikono akijikuta kifudifudi hawezi kujisukuma kuutoa uso kwenye shuka. Endelea kumlaza chali kila mara mpaka atimize mwaka. Akishaweza kujigeuza vizuri kwenda na kurudi, huna haja ya kukesha ukimrudisha. Akiwa bado anajua upande mmoja tu, ukimkuta kifudifudi mrudishe chali.

Kama kijitabu cha kitanda chako kinasema mwisho ni mtoto anapojigeuza, kifuate. Kuna vinavyosema hivyo, na aliyekitengeneza anajua ukuta wake ulipimwa kwa kazi gani.

Halafu kuna urefu. Mtoto akigusa ncha zote mbili, kichwa huku na nyayo kule, hata kama hajigeuzi bado, nafasi imekwisha.

SWALI: Tunaishi chumba kimoja Manzese. Kitanda chetu ni futi tano kwa sita na kimeegemea ukuta. Mtoto amezidi kitanda cha pembeni, na hatuna pa kuweka kingine. Si nimlaze tu upande wa ukutani, mimi nikae kati? (Mama E.)

JIBU: Upande wa ukutani ndio mbaya kuliko yote, mama. Godoro la watu wazima husogea kidogo kila mkijigeuza, na mpenyo wa vidole vinne kati yake na ukuta unatosha kummeza mtoto wa miezi 5. Tena godoro la sponji lililotumika miaka kadhaa hubonyea katikati, naye anaviringika kuelekea bonde hilo, yaani kuelekea kwako.

Pima chumba kabla hujakata tamaa. Kitanda kidogo cha kawaida kina godoro la sentimita 60 kwa 120, na kwa nje kinazidi kidogo tu. Kile cha pembeni kikitoka, nafasi yake inabaki wazi. Mara nyingi nafasi inayopungua ni ndogo tu, na hupatikana kwa kusogeza kabati au kuhamisha ndoo na masanduku chini ya kitanda chenu. Kitanda cha kukunja cha kitambaa na wavu nacho kinafaa: mchana unakikunja na kukisimamisha nyuma ya mlango. Ila tumia kile kigodoro chembamba kilichokuja nacho. Ukiongeza godoro jingine juu yake, ukuta unapungua kimo, na pembeni linazaliwa pengo lilelile tunalolikimbia.

Mtoto aendelee kulala chumba kimoja nanyi angalau mpaka miezi 6, kwa hiyo chumba kimoja si kasoro.

SWALI: Fundi wa Keko ameniambia anaweza kunitengenezea kitanda cha mtoto kwa mbao, nimpe vipimo. Nimpe vipi? (Baba anayetarajia mtoto wa pili, Temeke)

JIBU: Mpe vipimo kwa maandishi, na usimpe picha peke yake. Fundi mzuri wa Keko ataiiga picha vizuri sana, lakini picha haimwonyeshi sentimita.

Anza na godoro, kisha kitanda kifuate godoro. Nunua sponji ngumu ya 60 kwa 120, unene inchi 4, yaani sentimita 10. Ibonyeze kwa kiganja katikati: ukiachia irudi mara moja, isibaki na alama ya mkono. Lipeleke karakana fundi alipimie mwenyewe. Godoro likishawekwa na kusukumwa upande mmoja, upande wa pili mwanya usizidi sentimita 3. Vidole viwili vikiingia kwa ulaini, umefika mwisho wa kuvumilia.

Nafasi kati ya fito na fito za ubavuni iwe sentimita 4.5 hadi 6.5. Hapa mafundi hukosea kwa nia njema: wanapanua hadi 8 au 9 kuokoa mbao na kumpa mtoto hewa. Kwenye mwanya huo kiwiliwili cha mtoto kinapita, kichwa kinagoma, na mtoto ananing'inia shingo. Nenda na kopo la soda. Likipita kati ya fito zozote mbili, kazi irudiwe.

Kimo cha ukuta ni sentimita 60 kuanzia chaga mpaka ukingo wa juu, ili ukishaweka godoro la sentimita 10 zibaki 50. Wapo wanaoomba chaga za juu ili mama asiiname sana. Ukitaka hivyo, fundi aweke ngazi mbili za chaga, na siku mtoto anapokaa mwenyewe uzishushe chini. Kwa mtoto ambaye tayari anajiinua, hiyo ngazi ya juu ni mbao za bure.

Fito ziingie kwenye matundu ya mhimili juu na chini, kwa gundi. Zisipigiliwe misumari kwa ubavuni, kwani mtoto anayejifunza kusimama hutikisa fito kutwa nzima, na msumari ukilegea hutokeza ncha. Viungo vya pembe vikazwe kwa skrubu au bolti zinazoweza kukazwa tena. Usiweke mbao ya mlalo katikati ya ukuta, ni ngazi ya kukwelea. Nguzo za pembe zisitokeze juu ya ukingo na kukamata nguo. Mapambo ya kuchonga yenye matundu waachie kitanda cha wazazi.

Mbao iwe kavu. Mninga ni mzuri lakini mzito na ghali. Mtiki unafaa, na msindi uliokauka vizuri unatosha kabisa. Kazi ya msasa isikimbiliwe, maana meno yakianza kuota mtoto ataguguna ukingo wa juu. Kwa sababu hiyohiyo, rangi isiwe na madini ya risasi: omba kopo, usome. Vanishi ikishapigwa, kiache kitanda penye upepo mpaka harufu iishe kabisa kabla ya kukiingiza chumbani.

SWALI: Alipokuwa pembeni yangu tulikuwa chini ya chandarua kimoja. Sasa nifanyeje, na joto hili la Dar? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Kitanda kipya kinahitaji chandarua chake chenye dawa usiku uleule wa kwanza. Kama bado hujapata kile kinachotolewa kliniki mtoto anapochanjwa surua na rubella akiwa na miezi 9, nunua. Kitundikwe juu vya kutosha asikifikie kwa mkono, na pindo zichomekwe chini ya godoro pande zote. Kamba ya kutundikia ifungwe fupi, isining'inie ndani. Chandarua kilicholegea kikamlalia usoni kinaziba hewa, na mbu anamng'ata kupitia matundu.

Joto litibiwe kwa nguo: nepi na fulana nyepesi zinatosha usiku mwingi wa Dar. Feni ielekee ukutani au juu, waya wake uwe mbali na fito. Umeme ukikatika, mguse nyuma ya shingo. Pakiwa na jasho, mvue fulana. Viganja vitakudanganya, huwa baridi hata akiwa na joto mwilini.

SWALI: Wanangu, mjukuu amehamishiwa kitanda kikubwa na anaonekana kapotea mle ndani. Nimemzungushia mito mitatu asijigonge, mama yake ameitoa yote kwa hasira. Nimekosa nini? (Bibi, Magomeni)

JIBU: Shikamoo bibi. Nia yako ni ya kumkinga, na kitanda kikubwa kweli kinamfanya mtoto aonekane kama kisiwa. Ila mama yake yuko sahihi kuhusu mito. Mtoto anayejigeuza huisogelea mpaka pua izame ndani, na hana nguvu ya kuurudisha uso nyuma. Akianza kusimama, mto huohuo unakuwa ngazi ya kutokea nje. Kujigonga kwenye fito huacha nundu ndogo inayopona.

Asione upweke, kitanda kisogezwe mahali palepale kilipokuwa kile cha pembeni, sauti na pumzi za mama avisikie. Shuka lake la zamani kama linalingana litumike bila kufuliwa siku mbili za kwanza, likiwa limechomekwa vizuri chini ya godoro. Siku mbili tatu alale humo mchana kwanza, ndipo usiku. Wewe bibi mwimbie na umpapase tumbo mpaka macho yawe mazito, kisha uondoe mkono kabla hajalala kabisa.

SWALI: Kile cha pembeni nimwachie mdogo wangu mjamzito? (S., Kigamboni)

JIBU: Mwachie, kikiwa na mikanda yake yote ya kukifunga kwenye kitanda cha mama, klipu zinazokaza, wavu usiochanika na kigodoro chake chenyewe. Kikikosa mikanda, kitumike tu kuta zake zote nne zikiwa zimepandishwa. Tukiwa hapohapo: akitafuta kitanda kikubwa cha mtumba, aache vile vya ubavu unaoteleza juu na chini. Marekani ilipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza mwaka 2011, kwa sababu vifungo huchakaa, ubavu unachomoka pembe moja, na mtoto ananasa kwenye mwanya. Anaponunua, autikise kila ubavu kwa mikono miwili. Ukicheza, asilipe.