Kipunguza msuguano: pima maji yako kwanza

Anayeanza kupima kipunguza msuguano, yaani dawa ya polima inayofanya maji yapite bombani kwa presha ndogo, hukimbilia chupa ya polima. Anza na ndoo ya maji. Matokeo mengi mabaya ambayo watu huitupia lawama polima hutokana na maji, au na namna yalivyokorogwa.

Dawa yenyewe kwa kawaida ni poliakrilamaidi yenye chaji hasi, mnyororo mrefu ambao uzito wake wa molekuli hufika milioni 10 hadi 20. Kwenye upasuaji wa miamba (fracking) unaofanyika sana Marekani, yaani kupasua mwamba kwa presha ya maji ili gesi au mafuta yatoke, maji husukumwa kwa kasi kubwa kushuka kisimani, na nguvu nyingi za pampu hupotelea kwenye misukosuko ya maji karibu na ukuta wa bomba. Minyororo hiyo huituliza misukosuko. Gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay inatoka kwenye miamba ya mchanga inayopitisha gesi yenyewe, haihitaji upasuaji huo, kwa hiyo ukiwa Dar utaijua dawa hii kwenye bomba la majaribio tu, ambamo pampu huzungusha maji yale yale.

Maji ya DAWASA yana klorini, na klorini hukata minyororo. Yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha, au weka thiosulfati ya sodiamu, chumvi inayoondoa klorini, takribani miligramu 7 kwa kila miligramu 1 ya klorini. Maji ya kisima cha pwani, tuseme Kigamboni, mara nyingi yana chumvi: hapo mnyororo hujikunja na emulsheni (polima ya majimaji, iliyo kama matone ndani ya mafuta) huchelewa kufunguka. Kalisi na magnesi ni wabaya zaidi kuliko chumvi ya kawaida. Chuma nacho ni adui: kikiwa kwenye maji yenye hewa huivunja polima, na kikishapata kutu hushikamana nayo kuwa utelezi mzito unaoziba vichujio. Kwa hiyo pima klorini, ugumu, chumvi na chuma, uandike, ndipo ufungue chupa. Kwa maji ya chumvi nyingi omba polima iliyochanganywa na AMPS, kiungo kinachoisaidia kuvumilia chumvi.

Tikisa chupa ya emulsheni kwanza, maana mafuta hujitenga juu. Dozi ya kawaida ni lita 0.25 hadi 1 kwa mita ya ujazo. Tangi la lita 20 kwa dozi ya 0.5 linataka mililita 10. Vuta kwa sirinji, isiyo na tone la maji ndani, la sivyo dawa itaganda humo humo. Ukitumia unga, unyunyize kidogo kidogo begani mwa kizunguko cha maji. Ukiumwaga kwa mkupuo utapata madonge kama ya uji, makavu katikati, na hayayeyuki hata ukoroge mpaka jioni. Usijaribu kuyavunja kwa blenda: blenda hukata na polima nzuri iliyoyeyuka.

Kwenye bomba la kipenyo cha milimita 12.7 peleka maji lita 40 kwa dakika. Kwa joto la nyuzi 30 namba ya Reynolds, inayoonyesha kama mtiririko ni mtulivu au wa misukosuko, inapita 80,000, misukosuko ya kutosha. Mtiririko ukiwa mtulivu dawa haina cha kupunguza, na unene wake unaweza hata kupandisha presha. Soma tofauti ya presha kati ya ncha mbili za bomba kwa maji matupu, kisha ingiza dawa bila kubadilisha mtiririko wala joto. Ikiwa maji yalisoma kPa 100 na sasa ni 35, umepunguza asilimia 65.

Angalia umbo la mstari wa presha kwenye grafu, si namba ya chini peke yake. Presha hushuka, hufika chini, halafu hupanda polepole kwa sababu pampu inakata minyororo kila mzunguko. Wageni wengi hushtushwa na huko kupanda. Kisimani maji hupita bomba mara moja, kwa dakika chache tu, kwa hiyo tungechagua dawa inayofika chini ndani ya nusu dakika kuliko inayodumu dakika ishirini lakini inaanza taratibu.

Dawa ikimwagika sakafuni usikimbilie maji. Sakafu itateleza vibaya mno. Mwaga mchanga kwanza, uzoe, ndipo uoshe. Vaa glavu, kwani huenda kuna mabaki ya akrilamaidi, ambayo ni sumu.

Ukimaliza, suuza bomba kwa maji yenye klorini, kisha kwa maji safi, urudie kipimo cha maji matupu. Presha ikisoma chini ya ile ya asubuhi, polima bado imo ndani, suuza tena.